Chumvi na Gesi: Bondi za Kemikali katika Historia ya Pwani ya Palma

Historia ya gesi ya kaskazini mwa Cabo Delgado huelezwa kwa kutaja kampuni na mikataba. Insha hii inajadili kuwa sehemu ya maelezo imo katika jinsi atomi zinavyoshikana.

Mwaka 1916, Wareno walipoichukua Kionga kutoka kwa Wajerumani, wanasayansi wawili walichapisha, kila mmoja kivyake, maelezo ya bondi za kemikali. Mjerumani Walther Kossel alieleza bondi ya ioni: atomi moja hutoa elektroni, nyingine huipokea, kisha chaji chanya na hasi huvutana. Mmarekani Gilbert Lewis alieleza atomi zinazochangia jozi ya elektroni. Mwaka 1919 Irving Langmuir aliiita bondi hiyo kovalenti.

Chumvi ina bondi ya ioni. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni za klorini, nazo huvutana kwa nguvu pande zote. Kwa hiyo chumvi ni yabisi, na huyeyuka kwa joto la nyuzi 801. Jua likikausha maji ya bahari, chumvi hubaki chini. Mtu huikusanya, huibeba kwa kikapu na kukaushia samaki.

Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina bondi kovalenti: kaboni moja huchangia elektroni na haidrojeni nne. Ndani ya molekuli bondi ni imara, lakini molekuli zenyewe huvutana kidogo sana, ndiyo maana hutawanyika. Ili isafirishwe kwa meli kama kimiminika, hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na ujazo wake hupungua takriban mara 600.

Kazi hiyo haiwezekani bila mitambo mikubwa na mtaji mkubwa. Gesi iligunduliwa mwaka 2010 baharini mbele ya Palma. Kiwanda kilipangwa katika rasi ya Afungi, na wakazi wa Quitupo wakahamishiwa Quitunda, mbali zaidi na bahari waliyoitegemea. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na mwezi uliofuata mradi ukasimamishwa.

Kemia haikuamua nani ahamishwe. Watu ndio walioamua. Lakini iliamua kwamba mali hii, tofauti na chumvi, mwanapwani hawezi kuivuna kwa mikono yake. Kwa sababu hiyo, sehemu yake katika gesi hutegemea mikataba, na anapaswa kuwepo inapoandikwa.