Katuni za Kijapani, sehemu ya 4: Watu wa bandeji

Wiki iliyopita wengi mliandika kwamba Princess Mononoke ni sinema ya msitu na mbwa mwitu. Sawa. Ila mimi ni nesi, macho yangu yalikwenda kwingine.

Kuna mji wa kuyeyusha chuma, mkuu wake mwanamke, Bibi Eboshi. Ndani ya bustani yake kuna nyumba ya watu waliofungwa bandeji mpaka usoni, wanatengeneza bunduki. Mzee mmoja kalala, hawezi hata kuinuka. Anamwambia kijana Ashitaka kwamba mama huyu peke yake ndiye aliyewaona ni watu: aliwaosha vidonda na kuwafunga bandeji, hakuogopa. Hapo nilisimamisha sinema. Eboshi si malaika, anakata msitu na kuua, lakini kazi ile ya vidonda naijua.

Ni wagonjwa wa ukoma. Japani iliwatenga tangu zamani, ila msidhani ni mambo ya enzi za mapanga tu. Mwaka 1907 ilitungwa sheria ya kuwakusanya waliokuwa wakitangatanga. Mwaka 1931 ikawa wagonjwa wote, hata mwenye nyumba na watoto. Wengi walibadili majina ili ukoo usiaibike. Sheria ya 1948 ikaruhusu wafungwe vizazi.

Na dawa je? Ilishafika! Promin ilianza kutumika huko mara baada ya vita kuu. Jamani, mgonjwa wa ukoma akianza dawa, muda si mrefu haambukizi tena. Bado mwaka 1953 bunge likapitisha sheria mpya ya kutenga, na ikadumu mpaka 1996. Sinema ilitoka 1997.

Mtunzi wake, Hayao Miyazaki, ameeleza kwamba wakati akiiandaa alitembea kwa miguu mpaka Tama Zenshoen, kituo cha wagonjwa hao kilichopo Tokyo, si mbali na anapoishi. Kwa hiyo wale wa bandeji walikuwa jirani zake.

Mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba serikali iliwakosea, walipwe fidia. Serikali haikukata rufaa. Wengi walikuwa wazee tayari, hawana pa kurudi. Wengine walishafariki, na majivu yao yamebaki palepale kituoni kwa sababu nyumbani hawakuyataka.

Naingia zamu ya usiku. Sehemu ya 5 ni lile bafu la mizimu.