Kuongeza mashavu: ukienda kupasuliwa utegemee nini?

Juzi dada mmoja wa hapa Tarime, tumekua naye, alinipigia simu akiwa Sirari. Alipata ajali ya bodaboda mwaka jana, tangu hapo shavu la kushoto limebonyea. Sasa kuna mtu wa saluni kamwambia atamchoma sindano shavu lijae, chapchap na bei poa. Nikamwambia dada yangu, subiri kwanza nisome. Nilichopata ndio hiki.

NJIA ZIKO TATU

1. Fila. Ni dawa kama jeli, inadungwa kwa sindano. Kazi ni ya muda mfupi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nyingi huisha zenyewe ndani ya miezi 6 hadi 18. Hatari yake: ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka. Daktari anayejua kazi anakaa na dawa ya kuyeyusha fila pembeni. Mtu wa saluni anayo?

2. Mafuta yako mwenyewe. Yanavutwa tumboni au pajani, yanawekwa shavuni. Sehemu yake mwili huyanyonya, hivyo unaweza kurudia.

3. Kipandikizi cha silikoni ngumu. Huu ndio upasuaji wenyewe. Unalazwa usingizi, au unapigwa ganzi na dawa ya kukutuliza. Daktari anachana ndani ya mdomo, juu ya ufizi, kwa hiyo kovu halionekani. Anatengeneza kifuko juu ya mfupa wa shavu, anaweka kipandikizi, anashona. Mara nyingi ni kama saa moja tu.

BAADA YA HAPO

Usishtuke kwenye kioo, utavimba. Uvimbe mkubwa hupungua wiki ya kwanza na ya pili, sura halisi inakuja baada ya miezi. Lala kichwa kikiwa juu. Kunywa uji na mtori, nyama choma isubiri. Sukutua mdomo kama ulivyoelekezwa. Mdomo wa juu unaweza kufa ganzi kwa muda. Ukiona usaha, homa, upande mmoja unazidi kuvimba au macho hayaoni vizuri, wahi hospitali.

KWA WALIOPATA AJALI

Hapa ndipo penyewe. Shavu lililobonyea baada ya ajali linaweza kuwa mfupa umevunjika. Ukijaza sindano juu yake unaficha tatizo tu. Uwe Tarime au Mugumu, anzia hospitali ya wilaya upigwe picha, uombe rufaa. Kanda yetu hospitali ya rufaa ni Bugando, Mwanza. Kwa wanaotaka urembo tu, Mloganzila kule Dar ilianza upasuaji wa kurekebisha maumbile mwaka 2023, ila uliza kwanza kama mashavu wanafanya.

Na popote uendapo, uliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Akikasirika kwa swali hilo, ondoka.

Dada amekubali kupiga picha kwanza. Sindano ya Sirari kaiacha.

Nawasilisha.