Mizani Kabla ya Sifa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tena juzi Buseresere, kinywani mwa kijana anayetafuta kuuza vifaa kwa kampuni za uchimbaji wa dhahabu. Ana vipeperushi vizuri na ulimi wa kusifu bidhaa zake. Hata hivyo, kila anapobisha hodi kwa wanunuzi wakubwa hurudi na ahadi tupu. Nilimjibu kwamba historia ya Kanda ya Ziwa inaipinga methali ile.

Tuirejee miaka ya mwanzo ya 1950. Pamba ya Usukuma ilikuwa nzuri na dunia iliihitaji, lakini haikujiuza. Mkulima aliibeba hadi kituo cha ununuzi, akamkabidhi mfanyabiashara aliyekuwa mnunuzi na mwenye mizani kwa wakati mmoja. Malalamiko ya kupunjwa yalienea kila pembe. Tatizo halikuwa ubora wa pamba, bali ni nani aliyeshika kipimo.

Jibu la wakulima halikuwa kuipamba pamba yao kwa maneno. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito ujulikane kabla ya mzigo kumfikia mnunuzi. Vyama vidogo vikaungana, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo jina la Paul Bomani haliachani nalo. Kisha wakajenga viwanda vya kuchambua pamba, kimojawapo Kasamwa, Geita, wakaingia katika hatua ya biashara iliyokuwa mikononi mwa wanunuzi wao. Hapo muuzaji akaacha kuwa mwombaji, akawa mfanyabiashara mbele ya mfanyabiashara mwenzake.

Simulizi hii, hata hivyo, ina upande wa pili, na ningekuwa mwongo nisipoutaja. Ushirika uliposhika ununuzi wote wa pamba, mkulima hakuwa tena na mlango wa pili wa kubisha. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika baada ya malalamiko ya usimamizi mbovu. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na mamlaka za mazao zikachukua nafasi yao; sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Hivyo mizani ilibadili mikono mara kadhaa, lakini mkulima hakuwa daima miongoni mwa walioishika.

Leo Buseresere na jirani yake Katoro zimo katika ukanda wa dhahabu, lakini swali ni lilelile. Soko la madini lilipofunguliwa Geita mwaka 2019, maana yake kuu ilikuwa kumleta mchimbaji mdogo mahali ambapo dhahabu hupimwa hadharani na bei hujulikana. Kadhalika, kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinaielekeza migodi kuwapa kipaumbele wauzaji wa ndani. Kanuni hufungua mlango. Haziwezi kuingia kwa niaba yako.

Ndiyo maana nilimshauri yule kijana aviweke kando vipeperushi kwa muda. Aungane na wenzake watatu au wanne wenye maduka kama lake, ili wamudu oda ambayo mmoja haimudu. Wakubali mapema mzigo wao ukaguliwe, na kasoro wazitaje wenyewe kabla mnunuzi hajaziona. Kampuni inayonunua haitafuti msemaji mtamu. Inaogopa kazi kusimama kwa sababu ya mzigo uliochelewa au pungufu. Anayeiondolea hofu hiyo ndiye atakayeitwa tena.

Na wakishaungana, wasisahau mwaka 1976. Daftari la umoja wao liwe wazi kwa kila mwanachama, kwani aliyepunjwa jana anaweza kuwa mpunjaji kesho. Kizuri hakijiuzi, ndugu zangu. Huuzwa na watu wanaokubali kupimwa.