Azikwelwa, Siyaya, Ses'fikile: Historia ya Barabara kwa Maneno Matatu

Ukitaka kuijua historia ya magari ya Johannesburg, anzia kituo cha teksi cha Metro Mall, Newtown, kando ya Mtaa wa Lilian Ngoyi, ambao zamani uliitwa Bree. Kule teksi si gari la kukodi peke yako. Ni basi dogo la abiria, ndugu wa daladala na matatu. Na kwa kuwa Kizulu na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuisoma historia hiyo katika maneno yenyewe. Makala haya yanafuata maneno matatu, na yanadai kwamba gari lolote, la zamani au la kisasa, lipimwe kwa swali moja: nani anaweza kulimiliki na kulitengeneza?

Neno la kwanza ni azikwelwa. Kitenzi chake, khwela, ndicho kukwea chetu. Azikwelwa ni "hazikwewi", yaani hazipandwi. Januari 1957 kampuni ya PUTCO ilipandisha nauli ya basi kutoka peni 4 hadi 5. Wakazi wa Alexandra wakayasusia mabasi. Kwa miezi kadhaa walitembea karibu kilomita 15 kwenda kazini mjini, na jioni wakarudi kwa miguu, mpaka mzigo wa nyongeza ile ukahamishiwa kwa waajiri.

Si kwamba jiji lilikosa usafiri. Tramu za umeme zilifanya kazi kuanzia 1906 hadi 1961, na mabasi yaliyovuta umeme kutoka nyaya za juu yalidumu kuanzia 1936 hadi 1986. Newtown yenyewe ilizalisha umeme: kituo cha Mtaa wa Jeppe kilifunguliwa 1927, na jengo lake, Turbine Hall, lingalipo. Lakini usafiri huo uligawanywa kwa rangi, na Waafrika walisukumwa kwenye vitongoji vya mbali kama Soweto, ambako nyaya hizo hazikufika. Kwa hiyo anayeliona gari la umeme kuwa ajabu ya karne hii, Johannesburg ilikuwa nalo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mtambo ulikuwepo, aliyekosekana ni abiria Mwafrika mwenye haki sawa ya kuupanda.

Neno la pili ni siyaya, "tunakwenda". Toyota iliipa Hi-Ace jina hilo. Kabla yake watu walishaibatiza Zola Budd, kwa jina la mkimbiaji mashuhuri wa miaka ya 1980. Sheria ya mwaka 1988 ilipolegeza masharti ya usafirishaji, mabasi madogo ya abiria 15 yakaenea, na kwa mara ya kwanza Waafrika wengi wakamiliki chombo walichokipanda. Sisemi kwamba yalikuja na amani. Vyama vya teksi viligombania njia kwa bunduki, na magari yalijazwa kupita kiasi. Lakini injini ilikaa chini ya viti vya mbele, na ilitumia kabureta. Fundi aliinua kiti, akasikiliza mlio, akajua pa kushika. Ndiyo maana gari lile lilidumu, na pamoja nalo wakadumu mafundi, wauza vipuri, waosha magari na familia zao.

Neno la tatu ni ses'fikile, "tumeshafika". Kitenzi chake, fika, ni kilekile chetu. Ndilo jina la teksi ya Toyota iliyofuata, inayounganishwa Durban. Mimi mpenzi wa magari nakiri ubora wa magari mapya: breki zake ni bora, moshi ni mdogo, mikanda ni ya kila abiria. Ila taa ya injini ikiwaka, sikio la fundi halitoshi. Anahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na pengine ruhusa ya kiwanda. Gari la umeme litazidisha hilo, na nchi yenye mgao wa umeme italichaji kwa mashaka.

Hata hivyo kulikimbia hatuwezi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukomesha magari mapya yatoayo kaboni ifikapo 2035. Mjadala wa kuilegeza upo, lakini viwanda vya Afrika Kusini huuza magari mengi huko, hivyo vitalazimika kubadilika. Cape Town iliwahi kujaribu mapema: kampuni ya Optimal Energy ilionyesha gari la umeme liitwalo Joule jijini Paris mwaka 2008, lakini mwaka 2012 ikafungwa kabla gari halijaingia sokoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kuunda kunataka mtaji na subira, si vipaji tu.

Je, tumeshafika? Bado. Tutafika pale fundi wa mtaani, Newtown au Gerezani, atakapofundishwa kufungua betri kwa usalama, atakapopewa vitabu vya ufundi bila kunyenyekea kiwandani, na mwenye teksi atakapopata mkopo anaoweza kuulipa. Bila hayo, gari la kisasa litarudia kosa la tramu: litapita mbele yetu likimeta, nasi tukitembea kwa miguu.