Nishani, Orodha na Kitabu: Luteni von Tiedemann katika Nchi ya Wawanga

Msafiri atokaye Kakamega kwenda Mumias hupitia Shianda, na aghalabu hana la kumsimamisha hapo ila soko. Hata hivyo, nchi hii ya Wawanga imo katika vitabu vya Kijerumani tangu karne ya kumi na tisa. Mapema mwaka 1890 msafara wa Carl Peters ulifika Kwa Sundu, mahali palipoitwa hivyo na watu wa misafara kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Pamoja na Peters alikuwako Adolf von Tiedemann, luteni kijana wa jeshi la Prusia. Makala haya yanadhamiria kuuliza jinsi maisha ya kijeshi ya mtu kama huyu yanavyochunguzwa, na nchi hii imepewa nafasi gani katika uchunguzi huo.

Kwa kawaida mtafiti huanzia kwenye orodha za vyeo za jeshi la Prusia, zilizopigwa chapa mwaka baada ya mwaka. Humo ofisa hutajwa kwa kikosi na cheo chake, na kando ya jina huwekwa alama fupi za nishani: Tai Mwekundu wa daraja ya nne, Taji la daraja ya tatu, na nyinginezo, za kigeni zikiwamo. Hakuna sentensi hata moja. Lakini ukiziweka orodha za miaka miwili sambamba, ukaona alama ambayo mwaka uliotangulia haikuwako, umeshajua kwamba kati ya miaka hiyo pana jambo lililotendeka, na ni wajibu wako kulitafuta. Njia hii ya kuzunguka ni ya lazima. Makavazi ya jeshi huko Potsdam yaliteketea kwa mabomu mwezi wa Aprili 1945, na majalada mengi ya maofisa wa Prusia yakawa majivu. Bavaria ilikuwa na makavazi yake ya kijeshi mjini München, nayo yalinusurika. Kwa hiyo luteni wa Bavaria asiye na sifa yoyote huweza kufahamika leo kuliko jenerali wa Prusia.

Nishani nayo ni matini, na kama matini nyingine ina mtunzi na ina aliyoyanyamazia. Mwaka 1912 Kaisari Wilhelm wa Pili alianzisha nishani ya makoloni, ambayo utepe wake uliweza kubandikwa vipande vya chuma vyenye majina ya nchi na miaka ya mapigano. Mwenye kuvisoma vipande hivyo husoma safari ya aliyevivaa. Nchi ya Wawanga haikuwa na kipande chake. Safari ya Peters haikuwa vita vya Kaisari: ilikwenda bila idhini ya serikali, kwa madai ya kumwokoa Emin Pasha, ambaye Desemba 1889 alikuwa amekwisha kufika Bagamoyo pamoja na Stanley. Isitoshe, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliiweka nchi hii upande wa Waingereza, na hati ambazo Peters alikuwa amewatilisha watawala njiani zikawa karatasi tu.

Basi kinachobaki ni vitabu. Peters alitoa chake mwaka 1891, na Tiedemann akatoa Tana–Baringo–Nil mwaka 1892. Hapa mhakiki wa fasihi ana kazi ambayo mwanahistoria wa nishani hawezi kumfanyia. Kwa maoni yetu, vitabu hivi ni maombi ya heshima ambayo dola ilikuwa haijaitoa. Peters mwenyewe anasimulia, bila haya, jinsi alivyozifungua Kwa Sundu barua alizoandikiwa Mwingereza Frederick Jackson, kisha akakaza mwendo kwenda kwa Kabaka Mwanga. Jambo ambalo katika jalada lingeitwa kosa, katika kitabu linageuka kuwa werevu wa shujaa.

Tiedemann hakuharibikiwa na ushirika huo. Tarehe 2 Septemba 1898 alikuwa Omdurman, mtazamaji wa Kijerumani katika jeshi la Kitchener, na mwaka 1906 akachapisha kitabu juu ya vita hivyo pia. Tunaelekea kuamini kwamba sifa ya kuijua Afrika, aliyoichuma katika njia hii ya Kavirondo, ilimfaa zaidi ya medali.

Wapagazi wa pwani na askari wa Kisomali waliomfikisha huku hawakuwa na orodha ya vyeo. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1307 wa Hijria ndio unaotajwa katika anwani ya utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Pwani ilikuwa na mtunzi wake wa vita. Kwa upande wa bara, masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Gideon Were, na kuchapishwa mwaka 1967, ndiyo ya kuwekwa kando ya kurasa za Tiedemann, na yasomwe kwa ukali uleule: nayo yana mashujaa wake, na nasaba za kutetea.