Rangi za Baiskeli, Jiji Linalokua

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alikuja Dar es Salaam kutafuta riziki baada ya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa vifaa vya dukani: vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo huchelewa kukauka, lakini ikishakauka hung'aa sana. Wanyama na ndege wake waliuzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores.

Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wake, wengi wao jamaa zake, waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda ushirika.

Jiji lilipopanuka, picha nazo zilijaa watu: daladala zilizofurika, wachuuzi wa samaki, wagonjwa hospitalini, mama lishe na masufuria yake. Wageni wengi hununua twiga. Picha za mitaa zinastahili heshima kubwa zaidi, kwani zimehifadhi maisha ambayo wapiga picha wengi waliyapita bila kuyatazama.

Wachoraji wangali Oysterbay. Nenda ukawaone wakiwa kazini.