Klori kwetu: dawa iliyotuokoa, sumu tuliyoizoea

Wandugu, ukisema "usalama wa klori" wengi wanafikiria viwanda vikubwa vya kusafisha maji huko Ulaya. Masisi na Walikale, kiwanda ni ndoo, kijiko na muuguzi mmoja. Ndiyo maana naona historia hii inatuhusu sisi zaidi.

Tuanze na 1994. Mwezi wa saba, Wanyarwanda karibu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache tu. Ardhi ni mawe ya volkano, choo hakichimbiki. Watu wakanywa maji ya ziwa Kivu hivyo hivyo. Tarehe 20 kolera ikathibitishwa, na katika mwezi wa kwanza wakafa karibu watu 50,000, kwa kolera na kuhara damu. Maji yaliyotiwa klori yalisaidia kupunguza vifo. Tangu hapo klori kwetu ni rafiki. Mwezi wa nane 2019 Ebola ilipofika Pinga, Walikale, rafiki huyo alikuwa tena kazini: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu na vifaa.

Lakini klori ina historia nyingine. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres, huko Ubelgiji waliotutawala, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klori juu ya askari waliojificha kwenye mahandaki. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, basi ilishuka ikawafuata humo humo.

Ule unga mweupe wa kituo cha afya si gesi. Ila ukichanganyika na asidi ya betri au siki, gesi ni ileile. Ukigusana na mafuta, unaweza kuwaka moto. Na depo zetu tunazijua: chumba kimoja, humo unga, betri ya sola na bidoni ya mazutu.

Hapa ndipo naogopa. Vita vimetufundisha kwamba ukisikia hatari, lala chini. Kwa klori, kulala chini ni kuifuata sumu. Simama, ziba pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji, toka upande wa upepo unakotokea, panda mlima. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi dakika 15. Na wakati wa kuchanganya, tia unga ndani ya maji, usimwage maji juu ya unga.

Machi 2025 vita vilipofika Walikale-centre, watu wengi walikimbilia msituni. Muuguzi naye ni mtu, anakimbia. Ndoo ya unga inabaki, na atakayeifungua kesho huenda ni mtoto.

Sisi tuliosoma kemia tunaweza kuanza na kazi ndogo: kutenga unga na mafuta, kubandika karatasi ya Kiswahili kwenye kila ndoo, na kuisoma kwa sauti kanisani na sokoni. Haihitaji mradi wala mfadhili.